Kapu Lilikwenda na Nyamwamba

Bibi alikuwa na masharti kumi na saba.
Nayajua yote. Kuku asiwe na doa.
Jani lichumwe kwa mkono wa kushoto
kabla umande haujakauka, uso ukielekea theluji,
na usimwitikie anayekuita njiani.
Ukikosea neno unarudi nyumbani,
unaanza tena kesho.
Nilirudi nyumbani mara nyingi.

Kisha mto ukaja usiku na mawe yake.
Ukachukua daraja, ukachukua choo cha Bwambale,
migomba, na kapu la Bibi
lililoning'inia juu ya meko:
pembe, kamba, ile chupa
ambayo hatukuruhusiwa kuiulizia.
Asubuhi Kilembe ilikuwa tope na kelele.
Mimi nilibaki na cherehani
na vifungo ndani ya kopo la maziwa.

Dada yangu Biira akasema: basi, yamekwisha.
Bibi, mwaka wa tatu kaburini, hakusema kitu.

Lakini mkono wangu haukusikia.
Juma lile lile akaja Kabugho, hodi yake ya chini chini:
mwanawe halali, anashtuka kila mvua ikigonga bati.
Kuku sikuwa naye. Theluji ilikuwa ndani ya mawingu.
Nikakata waya wa shaba, ule mwembamba
ambao wazee wa mgodi walirudi nao mifukoni,
nikaupitisha kwenye kifungo cha kijani,
nikamwambia mtoto: hiki ndicho kitakachosikiliza mvua.
Wewe lala. Chenyewe kitakesha.

Akalala.
Sijui ni shaba, sijui ni kupata mlinzi.
Niliandika kwenye daftari la vipimo,
chini ya kiuno cha mwalimu Thembo:
kifungo, waya, maneno machache. Imeshika.

Tangu hapo naandika, hata yasiyoshika.
Nilichoma mkaratusi ili mdeni wangu alipe. Hajalipa.
Nilingoja mwezi mpya, halafu nikajaribu Jumanne tu,
siku yenye wateja wengi;
Jumanne ikaushinda mwezi.
Nilipopata kibarua cha kufua shuka lojini
sikuwa na moto wala nusu saa,
nikajifunza uganga wa dakika nne:
shuka hukunjwa mara tatu,
jina hutiwa katika mkunjo wa pili.
Wageni wa kupanda mlima walilalia jina la mama yangu,
wakaamka wakilalamika wameota ndizi.

Mzee Baluku, aliyechimba shaba ujana wake wote,
alileta kikohozi.
Nikampeleka hospitali. Na hilo nimeliandika:
hospitali kwanza.
Halafu nikamshonea mfuko upande wa pafu,
uzi mmoja nikauacha bila fundo
ili pumzi ipate pa kutokea.
Uzi pita, fundo legea,
pumzi toka, pumzi rejea:
ndicho mdomo ulichookota
wakati mguu unakanyaga pedali.

Binamu Masika alipanda kutoka Bwera kunikemea.
Unacheza, akasema. Nani kakupa ruhusa?
Nikammiminia chai, nikatafuta jibu, sikulipata
mpaka alipokwisha kuondoka:
huenda bibi wa Bibi
alikuwa na kuku mmoja tu uani,
na kwa bahati alikuwa hana doa.

Katika yale kumi na saba nimebakiza mawili.
La kwanza, kumwuliza mtu jina lake lote
kabla sijagusa mkasi.
La pili sikulichagua.
Jana jioni, katikati ya daraja jipya,
mto uliniita kwa sauti ninayoijua,
ukanitaja kwa jina la utotoni, Ithungu wa meko.
Sikuitika.
Mkono ulikuwa mfukoni
unahesabu vifungo.