Kwa Kila Watu Laki Moja

Kidato cha Pili B, Sikonge, juma la tatu la Mei.
Somo: uwiano.
Kitabu kilinitaka nitumie magunia ya mahindi
na mimi nilishachoka na magunia.
Mpwa wangu Ntundu alinitumia karatasi kutoka Tabora mjini:
jedwali la miji mikubwa ya Marekani
na waliouawa humo, mwaka kwa mwaka.
Nikalinakili ubaoni, chaki ikikatikakatika.

Darasa likachangamka. Kifo cha mbali
ni kama ligi ya watu wengine, unajichagulia timu.
Mihayo akashika Chikago, kwa kuwa jina lina kishindo.
Mlekwa akashika Memfisi, hakusema kwa nini.
Nikapiga meza. Nikasema:
mji mnene utakuwa na makaburi mengi hata ukiwa mpole.
Gawanya kwa watu wake, zidisha kwa laki moja,
ndipo uuweke mji kando ya mji
kama debe na debe mbele ya mnunuzi wa asali.

Wakagawanya.
Chikago ikashuka.
Sent Luisi, ambayo hakuna aliyeitaka,
ikaipita kimyakimya.
Nyu Yoki, yenye watu kama siafu, ikateremka hadi karibu na mkia,
na Mihayo akalalama kana kwamba refa kamwonea.
Nilifurahi. Nilijifuta chaki kwenye suruali,
nikijiambia hesabu inafundisha unyenyekevu.

Ndipo Kashindye, dawati la nyuma,
penye dirisha lisilo na kioo:
"Na kijiji, mwalimu?"
Kijiji gani?
"Chetu. Karani wa sensa alihesabu watu mia nane.
Mwaka jana, mmoja."

Hakuna aliyecheka. Huyo mmoja tulimjua.
Nyamizi, aliyepika katika moshi miaka sitini
na kukesha akichochea moto wa bani la tumbaku,
tumbaku ya wanawe, si yake,
hadi macho yakaiva.
Watu wakayasoma macho yale kama barua
ambayo hakuiandika yeye.
Panga, usiku wa Jumanne.
Mbwa hawakubweka, na hilo
halikuingia kwenye faili la polisi.

Moja gawanya kwa mia nane, zidisha kwa laki.
Mkono wangu uliandika 125
juu kabisa ya jedwali, ambako sikuwa nimeacha nafasi,
juu ya Memfisi, juu ya Sent Luisi,
ikabidi niibane kwenye fremu ya ubao.

Nikafanya wanachofanya walimu: nikajitetea.
Namba ndogo hudanganya, nikasema.
Kijiji si mji. Mtu mmoja ukimzidisha hivyo
anavimba, anapoteza sura.
Mwakani huenda tukaandika sifuri
tukawa salama kuliko dunia nzima.
Yote hayo ni kweli. Mtihani wa taifa
ungenipa alama zote.

Kashindye hakubisha. Aliinamia daftari
muda mrefu kuliko swali lenyewe,
na lori la tumbaku likapita barabarani,
likatuachia vumbi na ile harufu tamu
tuliyokwisha kuacha kuisikia.
Kisha akaja mbele.
"Nyumbani tulikuwa watano," akasema,
"tukimhesabu bibi."
Mstari mmoja, umepigiwa rula chini yake:
elfu ishirini kwa kila watu laki moja.

Nilitafuta kosa.
Nilipita sifuri zake moja moja kwa ncha ya kalamu
kama mtu anayechagua mchele usiku.
Nilitamani kosa, walau dogo, walau la mwandiko.

Nikaweka vema,
kwa wino mwekundu,
kwa kuwa sikuwa na mwingine.