Si Huyu

Kabla yangu walizikwa wawili.
Kwa hiyo nilipozaliwa mama alininong'onea
jina la kumpoteza njia yule mchukuaji wa watoto:
Enebish. Maana yake, Si Huyu.
Akija kuulizia, aambiwe mlangoni:
si huyu, nenda zako,
hapa pana furushi tu la ngozi ya kondoo.

Nina miaka hamsini na miwili
na bado nalivaa jina hilo. Halijachakaa.

Mwaka wa zudi mvua ilinyesha kwanza, kisha ikaganda,
nyasi zikawa chini ya kioo.
Kondoo waliziona. Walizilamba.
Walikufa wamesimama, mia tatu na kumi na saba.
Mume wangu Luvsan huwahesabu hadi leo usiku,
wala si kwa kutafuta usingizi:
anachelea kumsahau yule mwenye sikio lililochanika.

Tukaja mjini na hema letu la sufi, jiko,
na tandiko la farasi ambaye hakuja.
Tukajenga mlimani, Ulanbata ikiwa chini yetu,
penye moshi wa makaa mzito
hata mbwa hupiga chafya.

Sasa nauza maji.
Kibanda changu kina dirisha la upana wa sinia,
sioni nyuso, naona mikono:
wa Baljid, uliopasuka kama tope la kiangazi;
wa mzee Tsend, uliopungukiwa vidole viwili,
hunipa noti imekunjwa mara nne kana kwamba ni siri;
na mikono ya mtoto nisiyemjua jina,
glavu moja nyekundu, moja ya buluu.
Maji yakiingia kwenye dumu tupu huanza na sauti nene,
kisha sauti hupanda, hupanda, huwa nyembamba.
Nafunga bomba bila kuchungulia.
Sikio langu linajua lita ishirini.

Binti yangu Tsermaa, msomaji wa vitabu vinene,
aliwahi kuniuliza: Mama, maisha yako yana maana gani?
Hakukusudia ubaya. Alikuwa na mtihani.
Nikamjibu: lita elfu sita kwa siku.
Tukacheka wote wawili.
Baadaye, nikitia chumvi kwenye chai ya maziwa,
nikagundua kwamba sikutania.

Mwezi wa kwanza, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
bomba liliganda.
Foleni ilifika kwa fundi viatu.
Mikono ikagonga dirisha, ikagonga.
Nami, nakiri, nilikaa juu ya ndoo nikasema basi,
imetosha, mwacheni aje,
mwambieni ndiye huyu.

Dirishani ikaingia glavu nyekundu,
ikafuata ya buluu, zimekumbatia chupa ya chai moto.
"Mimina kwenye bomba," kikasema kisauti.
"Ila bibi amesema wewe unywe kwanza nusu."

Nikanywa. Nikamimina.
Bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza.
Ikaja chupa ya Baljid. Ikaja ya Tsend,
na mkono wake ukitetemeka akamwaga robo kwenye kizingiti,
ikaganda pale pale; nimeiacha, naikanyaga kila siku.
Chupa ya saba ndiyo iliyofungua maji,
au ya nane. Mwenye kuhesabu ni Luvsan.

Alfajiri hutoka nje na kijiko cha maziwa
nikakirusha juu, kama alivyofanya mama.
Sijui nani hupokea.
Mengine huganda kabla hayajafika popote,
yakarudi punje punje
kunigonga kwenye paji la uso.
Luvsan husema hilo ndilo jibu.
Mimi husema ni baridi.

Najifunga mkanda, nateremka.
Sijafungua dirisha bado,
na tayari kuna mkono.