Barabara Isiyo na Namba

Mmekuja wengi, karibuni, viti havitoshi.
Mwanamkuu, kalia ndoo, igeuze kwanza.
Najua mnachotaka: niwatajie makasri,
lango lenye farasi wa shaba juu yake,
mto unaopita katikati ya mji
kama mtu aliyechelewa kazini.
Niliyaona. Nilipanga foleni saa nzima na robo,
koti la mkwe wangu likinifika vifundoni,
na nyuma yangu mtoto analilia aiskrimu
katika baridi ile!

Siku kumi na moja, Berlini.
Zamda kalipa kila kitu, Mungu amzidishie,
hata chai ya kijifuko isiyo na tangawizi
kwa bei ya kilo mbili za sukari.
Na wewe, fundi Semhando, umeuliza mara tatu:
ndiyo, baiskeli zipo, tele kuliko Makorora,
ila sikuona aliyepakia mtu nyuma,
wala majani ya ng'ombe, wala mlango mzima.
Kila mtu na baiskeli yake na haraka yake.

Sasa siku ya nane Zamda yuko kazini.
Nikapanda treni ya chini ya ardhi,
tikiti mkononi kama kadi ya kliniki,
nikapitiliza kituo. Mimi,
niliyesoma miandiko ya madaktari
miaka thelathini na miwili pale Bombo,
nimeshindwa na jina la kituo.
Nikatoka juu. Nikatembea. Nikatanga.
Maghorofa manne manne, mapazia meupe,
mwanamke anakung'uta zulia dirishani
kama wanaogombana.
Kwenye kona, kibao:
TANGA,
na mkia wa Kijerumani nyuma yake.

Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya mtandio.
TANGA.
Mimi wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
nyumba ya pili kutoka kwa muuza mkaa,
nimesimama Tanga na simjui mtu.

Nikapiga hodi. Msicheke.
Nilipiga kwa sauti, mara tatu, kama ilivyo adabu,
nikasubiri.
Akaja mbwa, anamvuta mzee mwenye kofia ya sufu.
Nikamwonyesha kibao, nikajigusa kifua,
kibao, kifua.
Mzee akainua uso akakitazama
kama hajawahi kukiona tangu ahamie hapo.
Akasema neno. Sijui neno gani.
Mbwa ndiye aliyeninusa mikono, akaridhika.

Mtaa wenyewe mfupi, ukianza kuuzoea umekwisha.
Hakuna duka, hakuna harufu ya mihogo,
hakuna redio ya jirani unayoijua kwa mkwaruzo.
Nikamkumbuka babu. Alikuwa akisema
Mjerumani alikuja na kamba na kitabu:
kwa kamba akatupimia viwanja,
kitabu akaondoka nacho.
Babu alipenda chumvi katika maneno yake, sawa,
lakini pale konani nilifikiri,
huenda jina letu lilikuwa ndani ya kitabu,
likapata nyumba huko, likapata kibao,
na sisi huku tukabaki na namba.

Picha hii hapa, pitisheni,
futeni kwanza mafuta ya vitumbua.
Ndiyo, naona, kidole gumba kimefunika herufi ya kwanza.
Inasomeka ANGA.
Zamda alicheka hadi akakaa chini.
Nirudi nikapige nyingine? Kwa nauli ya nani, Mwanamkuu?

Si tunasema wenyewe: waja leo, waondoka leo.
Tanga yao nimekaa dakika ishirini.
Nilipoondoka hakuna aliyenisindikiza hata konani,
nikajisindikiza mwenyewe,
nikageuka, nikapunga mkono,
nikaupokea.

Haya, chokoleti ziko kwenye mfuko ule wa bluu.
Zimeyeyuka. Zitieni kwenye beseni la maji
zikumbuke zilikotoka.