Faili la Kumi na Saba

Mo i Rana, Februari. Saa nne asubuhi
na giza bado limegoma kuondoka.
Nawasha taa ya meza, nafungua faili.
Gari: la umeme, milango minne, rangi ya majivu.
Kutoka kusimama hadi mwendo wa kilomita mia:
sekunde mbili na nusu,
muda wa mtu kupiga chafya na kuomba radhi.

Maabara imelipa nyota tano.
Filamu ya majaribio nimeitazama mara nne:
mwanasesere anauendea ukuta bila kufumba macho,
mifuko ya hewa inafura kama unga uliotiwa hamira,
kisha anakaa, shingo nzima, mbavu nzima,
hana wa kumpigia simu.
Nyota tano, sibishi.
Ila ukuta ule haukuwa na barafu,
wala mwanasesere hakuwa na miaka ishirini na miwili
na rafiki kiti cha nyuma anayesema, hebu tuone.

Miaka minne, magari elfu tisa, vifo sita.
Ya petroli, ukubwa ule ule, idadi ile ile: vifo kumi na mmoja.
Halvard, mkuu wangu, anaipenda hesabu hii.
"Andika ni salama," anasema, "twende tukale."
Lakini wale sita nawajua kwa majina,
na wale kumi na mmoja kwangu ni tarakimu.
Hapo ndipo mizani yangu inapochechemea.
Najua. Pembeni nimeandika kwa penseli:
*jihadhari na huruma*.

Sasa hili la kumi na saba.
Eskil Nordvik, fundi wa meno, usiku, njia ya Korgen.
Kulungu wa kaskazini, mrefu kuliko paa la gari,
akasimama katikati ya taa kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Eskil akakwepa. Gari likashuka mtaroni,
likapinduka mara moja, likatua kwa magurudumu.
Mkanda ulishika. Mifuko ilifunguka. Kibanda hakikubonyea hata inchi.
Kila kilichoahidiwa kilitendeka.

Kisha umeme ukakatika, kama unavyokatika popote,
na vitasa vilivyozama mlangoni kwa ajili ya urembo na upepo
vikabaki vimezama.

Oddrun wa zimamoto aliniambia jinsi alivyopapasa bati lile,
viganja viwili, glavu zimeloa,
kama anayetafuta swichi katika nyumba ya watu.
Chini ya sakafu, moshi mwembamba. Hakuna mlio.
Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo;
hawakuwa wameona betri.

Ndani upo waya wa kufungulia kwa mkono.
Upo chini ya zulia la mlango, ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.
Niliutafuta mwenyewe, uani, mchana, tochi mkononi,
hakuna moshi, hakuna damu machoni:
sekunde arobaini.

Oddrun alivunja kioo. Eskil alitoka.
Basi safu ya vifo inasema sifuri,
na gari limejipatia alama.
Siku ya tatu, ndani ya kontena la maji,
betri ikawaka tena, peke yake,
mbele ya mlinzi aliyekuwa akila mkate.

Nilimpigia Eskil simu. Bima imemlipa.
Amenunua jingine. Lile lile, la buluu.
"Linakwenda vizuri mno," akasema kwa aibu.
Kwenye mfuko wa mlango ameweka nyundo
ndani ya soksi ya mwanawe, isigongegonge.

Nimeandika: *Gari hili linajua kugongwa.
Halijajua kufunguka.*
Halvard ameikata sentensi ya pili kwa wino mwekundu.
Nimeirudisha. Ameikata. Nimeirudisha,
na safari hii nimeongeza nyundo,
na soksi.