Pembeni mwa Ukucha

Hapa Mabela, juu ya duka la matairi,
napaka hina tangu baada ya alasiri
mpaka kelele za spana zinyamaze.
Wateja hunipa mikono, nami huisoma
kabla sijakata ncha ya koni.

Kuna mkono uliokaushwa na sabuni za hospitali.
Kuna mkono wa mtu aliyelala vizuri jana.
Na kuna huu, wa Zamzam binti Hilal,
bibi harusi wa Alhamisi,
anayeuficha ndani ya buibui kama ameiba.

"Niwie radhi," anasema, "vidole vyangu vibaya."
Naviona. Kucha zimeliwa hadi nyamani,
na pembeni ngozi imechunwa uzi uzi,
pengine pabichi, pengine pamekauka kahawia.
Mama yake ananiwahi:
"Tabia tu, mwanangu. Tumempaka shubiri, tumempaka pilipili,
anakula hivyo hivyo na pilipili yake."
Shangazi anacheka. Kiyoyozi kinanguruma.
Mimi natafuta pamba.

Watu hudhani mkono unajua unachofanya.
Haujui.
Mwenyewe yuko kwenye foleni ya Ghala, taa nyekundu,
anawaza nyumba ya Sohar asiyoijua milango yake,
anawaza jinsi atakavyomwamkia mama mkwe,
na kidole gumba kimeshaondoka, kinatambaa,
kinatafuta kinyuzi, kigamba, chochote kilichochomoza,
kana kwamba kikitoka hicho
dunia yote italala laini.
Na kweli inalala,
kiasi cha kumeza mate.
Hilo ndilo wasilolijua wenye pilipili.

Kisha damu. Kisha aibu.
Na aibu ni wasiwasi uliobadili nguo tu,
unarudi kupiga hodi
kwenye kidole kilekile.

"Panauma?" namuuliza chini chini,
maana hina ina ndimu na mafuta ya karafuu,
haina huruma na kidonda.
Anatikisa kichwa. Halafu, mama akiwa kwenye simu,
ananionyesha panapouma:
si kidoleni. Hapa, chini ya koo,
pale kifungo cha kwanza kinapofungwa.

Nilikuwa na miaka tisa, tumehamia Ruwi,
nyumbani Kiswahili tupu, shuleni Kiarabu kitupu.
Mwalimu akanisimamisha nisome.
Herufi ya ʿayn ikanikwama kama mwiba wa samaki
na darasa zima likacheka.
Usiku ule niling'oa unywele wa kwanza wa nyusi.
Ulitoka na kijizizi chake cheupe, kimelowa.
Nikauweka juu ya daftari, nikautazama.
Nikang'oa wa pili ili wa kwanza usiwe peke yake.

Sasa nina miaka thelathini na nne
na nyusi ya kushoto naichora kila asubuhi.
Ndiyo maana nilijifunza kuchora.
Hilo sijamwambia mtu.

Umeme ukakatika.
Dakika kumi tu, lakini Juni ni Juni;
jasho likashuka, nikajifuta kwa kiwiko,
na nilipoinua uso Zamzam alikuwa ananitazama,
ananitazama pale juu ya jicho,
kisha wanja ulioganda kwenye mkono wangu.
Hakusema kitu. Mimi pia sikusema.
Shangazi alikuwa anajipepea kwa kadi ya mwaliko
na kuilaani kampuni ya umeme.

Nikamaliza mkono wa kulia.
Nikasema, nipe wa kushoto.
Akautoa ndani ya buibui taratibu,
na pembeni mwa kidole cha pete
kulikuwa na tone jipya, jekundu, dogo kuliko ufuta.
Wakati mimi nachora huku,
ule mwingine ulikuwa kazini.

Tukalitazama wote wawili.
Angalau mara hii tulikuwa wawili.
Nikaligusa kwa pamba, likarudi.
Basi nikaliacha,
nikapitisha jani kando yake, polepole,
kama gari linavyompisha mtu
asiyejua kwamba amesimama
katikati ya barabara.