Haimo Kitabuni

Sita ni moto. Kumi na moja, mwizi.
Tisa hatuisemi mara mbili.
Konstebo Mutheu, zamu ya usiku,
chai imefanya utando kikombeni,
anaandika: saa, mtaa, namba.

Tisa kasorobo redio inakoroma:
"Kituo... Barabara ya Jogoo, kando ya soko la Burma,
hapa, eeh, hapa kuna..."
Sema namba, Barasa.
"Afande, sina namba. Mama anazaa."

Anapekua kijitabu, jalada hadi jalada.
Wizi una namba, maiti ana namba,
hata ng'ombe waliofunga barabara ya Ngong wana yao.

Kisha, bila ruhusa ya kituo,
kilio chembamba hewani,
na doria zote, Ruaraka hadi Lang'ata,
zikanyamaza.

Mutheu anaandika saa, anaandika mtaa.
Chai anainywa hivyo hivyo, baridi.