Nyuzi Nne

Mimi ni mbeba maziwa. Saa tisa za usiku,
ng'ambo ya Plouzevel, ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kupisha,
naingiza lori uani kwa Gwenolé Kerbrat,
nafunga mpira, nasoma kipimo:
lita elfu na mia mbili, nyuzi nne.
Nyuzi nne ni sawa. Naandika nyuzi nne.

Miaka kumi na tisa tunasalimiana kwa taa:
yeye huwasha ya zizini, mimi huzima ya mbele.
Annaïg alipohamia kwa dada yake
nilijua kwa kamba ya nguo.
Benki ilipomwandikia nilijua kwa sanduku la barua,
limeshibishwa hadi limetapika.
Kisha lita zikaanza kushuka. Elfu moja.
Mia tisa. Mia saba na sitini.
Mbwa akaja kulamba matone chini ya lori,
kwa njaa, si kwa mazoea.
Na maziwa, nyuzi nne. Daima nyuzi nne.
Tenki lina kipimo. Aliyelijaza hana.

Dawa ya deni kulipa, husema watu.
Haya. Na dawa ya kulipa?
Bei ya lita hupangwa na mabwana
ambao hawajapigwa usoni na mkia wenye mavi.

Daktari wa akili yuko mjini, kilomita themanini.
Nafasi ya kumwona: miezi mitano ijayo,
Jumanne, saa kumi jioni.
Saa kumi! Viwele vimejaa,
ng'ombe hamsini na wawili wanalia langoni.
Nani awaambie wangoje, bwana wenu kaenda kuzungumza?

Februari chama cha ushirika kilituita
sisi tuingiao nyua za watu:
mimi, mpandishaji ng'ombe, muuza pumba,
yule binti anayekata kwato.
Siku mbili ukumbini, kahawa mbaya.
Muuguzi Soazig Tanguy alitufundisha swali moja,
akatulazimisha kulitamka kwa sauti, mmoja mmoja,
maana ulimi usiozoea neno hulimeza siku ya haja.
Swali halipandi mbegu, alisema.
Huwasha taa tu, uone kilichokuwa kimekaa gizani.
Mpandishaji alifanya mzaha, kisha akalia.
Tuliangalia vikombe vyetu.

Machi, usiku wa mvua ya mawe, nilishuka.
"Gwenolé, unafikiria kujiua?"
Pampu ilikuwa ikinguruma. Ikanibidi kurudia,
kwa sauti ya mnadani.
Akasema namba arobaini na moja kavimba kiwele.
Akasema bawaba ya mlango imelegea.
Akasema, "Ndiyo."

Moyo wa mtu ni msitu, tunaambiwa.
Hatuambiwi kwamba lori hupita.

Tulikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa.
Hekima sikuwa nayo. Nilikuwa na namba ya simu
na nusu mkate.
Kiwanda kilipiga mara tatu: uko wapi?
Kazini, nikajibu,
na mgongoni mwangu maziwa yakipanda,
nyuzi tano, tano na nusu.
Soazig alifika kabla hakujapambazuka,
mabuti miguuni, nywele hazijachanwa.

Siku hizi huja Alhamisi, saa tano asubuhi,
katikati ya kukamua na kukamua.
Huzungumza wakitandika majani makavu;
mikono ikiwa na kazi, mdomo hupunguza haya.
Jumapili kuna kijana wa zamu.
Deni lipo. Annaïg hajarudi.
Namba arobaini na moja ilibidi achinjwe.
Lita mia nane na tisini.

Jana aliwasha taa ya zizini.
Kabla sijazima yangu, alikuwa dirishani pangu,
mvuke wa pumzi yake ukipanda kiooni.
"Na wewe, Tugdual?"
Nyuzi nne, nikasema.
Hakucheka. Akaegemea mlango wa lori,
akangoja.